Diski Imekufa, au Imenyimwa Nguvu? Kutafuta kosa kwenye hazina ya filamu za nyumbani Mombasa

Diski moja ya terabaiti 4 hubeba filamu 500 za gigabaiti 8, na katika nyumba nyingi za Mombasa hubeba na cha zaidi: harusi iliyotolewa kwenye kanda ya VHS, maulidi ya mtaani, sauti za wazee waliokwisha kutangulia. Filamu ya dukani utaipata tena. Harusi ya mama huipati. Ndiyo maana mwongozo huu una kanuni moja iliyo mbele ya zote: kabla hujatengeneza chochote, nakili, na kama kunakili hakuwezekani, zima.

Kanuni ya pili ni kubadilisha kitu kimoja tu kila unapojaribu. Filamu hupita kwenye diski, kebo, kompyuta au seva, rauta, waya au waifai, ndipo ifike kwenye TV. Ukibadilisha kebo, adapta na tundu kwa mpigo mmoja, hata shida ikiisha hutajua ilikuwa wapi, na itarudi.

Diski haionekani kabisa

Usikimbilie kompyuta. Iweke diski juu ya meza, ichomeke, ishike kwa kiganja na utege sikio.

Ikiwa kimya kabisa, bila hata mtetemo, na ni ile kubwa ya inchi 3.5 yenye adapta yake ya ukutani, mshukiwa wa kwanza ni adapta. Stima yetu ni ya volti 240, na inaporudi baada ya kupotea huja na mshtuko. Mara nyingi adapta hufa na diski ikasalimika. Pima ncha yake kwa mita: isome karibu volti 12 za DC. Ikisoma sufuri, umelipata kosa. Ikisoma 12 lakini diski inajaribu kuzunguka kisha inazimika, adapta imechoka: volti zipo lakini haiwezi kubeba mzigo. Nunua nyingine ya volti 12 barabara, ampea 2, na uhakikishe mchoro wa alama za kujumlisha na kutoa kwenye lebo unafanana na ule wa zamani. Adapta ya laptopu hutoa volti 19 na ncha yake huweza kuingia bila kukaza. Sekunde moja hiyo yatosha kuunguza ubao wa diski.

Ikiwa inalia *tak… tak… tak*, kwanza tazama ni diski ya aina gani. Ile ndogo ya inchi 2.5 hula nguvu kupitia kebo ya USB peke yake. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 ni 900, na mota inapoanza kuzunguka hutaka zaidi ya inavyotaka ikishashika kasi. Kwenye tundu la TV, au kwa kebo ya mita mbili, nguvu haitoshi: mota huanza, hushindwa, huanza tena, na mlio wake hukaribia sana ule wa diski iliyovunjika. Jaribu kwa kebo fupi isiyozidi nusu mita, kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani. Ikitulia, diski haina kosa. Kwenye TV itumie kupitia habu ya USB yenye adapta yake.

Ikiendelea kulia hata hapo, au kama ilianguka siku za karibuni, ichomoe. Vichwa vya kusomea vinagonga bila kupata pa kusoma, na kila dakika ya kuiacha ikizunguka vinaweza kukwaruza sahani zenye video zako. Kazi hiyo ni ya fundi wa kuokoa data mwenye chumba kisicho na vumbi, wala si ya kufungulia kibandani. Ule ushauri wa kuitia diski kwenye friza usiufuate, na hapa pwani hasa: ikitoka tu kwenye baridi, hewa yetu yenye unyevu hugeuka umande juu ya sahani.

Ikiwa inazunguka vizuri lakini kompyuta haioni kitu, badilisha kebo kwanza. Kisha mulika ndani ya tundu la diski kwa tochi ya simu. Pini nzima hung'aa kidhahabu. Iliyoliwa na chumvi ina unga mweupe au ukoko wa kijani, pengine kwenye pini moja au mbili tu za pembeni. Kwa nyumba zilizo karibu na maji, kuanzia Mji wa Kale hadi Nyali na Bamburi, kosa hili ni la kawaida mno na watu hutupa diski nzima kwa ajili yake. Safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na mswaki laini mkavu, acha dakika 10 ikauke, chomeka. Spiriti yenye rangi isitumike, huacha utando.

Tundu hili lina siri nyingine. Kwenye diski nyingi ndogo za USB 3.0 limegawanyika sehemu mbili, pana na nyembamba. Pana ndiyo ya USB 2.0 ya kale, nyembamba ndiyo yenye kasi mpya. Chumvi ikila ile nyembamba peke yake, diski haifi, ila inarudi kwenye kasi ya zamani. Kwa hiyo diski iliyokuwa ikinakili kwa megabaiti 110 kwa sekunde, na leo inakwenda 35 bila sababu, imulike hapo kabla ya kuilaumu Windows.

Inaonekana, lakini kompyuta inataka uifomati

Usikubali. Ujumbe huo haumaanishi kuwa diski ni tupu. Unamaanisha kwamba kompyuta imeshindwa kusoma orodha ya mafaili. Chanzo cha kawaida ni stima kupotea katikati ya kuandika, au kuchomolewa bila kutolewa kwa utaratibu. Video zenyewe mara nyingi bado zimekaa mahali pake.

Watu wengi hapa huendesha `chkdsk`, programu ya Windows ya kukagua diski, kwanza. Sisi hatukubaliani na hilo kabisa. Programu hiyo kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ukubaliane, na ili ukubaliane huweza kukata majina ya mafaili isiyoyaelewa. Kwenye diski inayougua, vilevile huilazimisha kusoma na kuandika kwa saa nyingi. Pata nakala kwanza.

Utahitaji diski nyingine nzima, kubwa kuliko inayougua, na kompyuta yenye Linux (hata ile ya kuwashia kutoka kwenye flashi). Tazama kwa `lsblk` jina la diski mbovu, hakiki kwa ukubwa wake, kisha tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu (hapa diski mbovu ni `/dev/sdb`, na diski mpya imeunganishwa kwenye `/mnt/mpya`):

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/diski.img /mnt/mpya/diski.map`

Raundi hii huchukua yote yanayosomeka kwa wepesi na kuyaruka mabovu. Ikimaliza, rudia kwa yale yaliyobaki:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/mpya/diski.img /mnt/mpya/diski.map`

Faili la `.map` ndilo kumbukumbu ya ilipofika. Stima ikipotea katikati, toa amri ileile na itaendelea ilipoachia. Hapo ndipo unapoifungua nakala, si diski, kwa TestDisk, programu ya kuokoa mafaili, na kutafuta orodha iliyopotea. Ukikosea, umeharibu nakala tu.

Kunakili kunaanza vizuri kisha kunakwama

Hapa sababu ni nyingi na zinafanana kwa sura, kwa hiyo angalia *wapi* panakwama.

Kukikwama kila mara kwenye faili kubwa, ilhali madogo yanapita, diski unayonakilia imefomatiwa kwa FAT32. Mfumo huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama nafasi iko tele. Toa vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT au NTFS.

Kukikwama baada ya kasi kushuka polepole, gusa kasha. Miezi ya kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 32, diski ndogo iliyolazwa juu ya dekoda hufika nyuzi 55 bila taabu, na nyingi zimepewa mwisho wa 60. Isimamishe mbele ya feni. Ikiwa haina moto, huenda ni diski ya SMR, ambayo huandika njia zake zikipandana kama vigae vya paa: ikishajaza sehemu yake ya haraka, hushuka sana mpaka ijipange. Huo si ugonjwa. Iache usiku kucha.

Na hesabu muda kabla ya kuamua kuwa imekwama. Terabaiti 4 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni saa 11. Kwa USB 2.0, megabaiti 35, ni saa 32.

Kukikwama kwenye mafaili yaleyale kila unaporudia, fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kupima afya ya diski, utazame mistari mitatu. Namba 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa. 197 ni sekta zinazosubiri kwa sababu hazisomeki. C7, yaani 199, ni makosa ya njiani. Programu huonyesha hesabu kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo 197 utaiona kama C5. Ikiwa C7 ndiyo inayopanda na nyingine ni sufuri, kosa liko kwenye muunganiko wa SATA, yaani kebo ya ndani au ubao wa kasha, si kwenye sahani. Ikiwa C5 si sufuri, diski imeanza kufa. Nakili leo kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili, vya familia kwanza na filamu za dukani mwisho:

`robocopy D:\Harusi E:\Harusi /E /R:0 /W:0`

Hizo sufuri mbili zina maana kubwa. Usipoziweka, robocopy hurudia faili lisilosomeka mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, huku diski inakufa juu ya faili moja na mengine mia tano yanangoja.

Kuna na flashi za bandia. Imeandikwa terabaiti 2, bei yake ni ya chai na mahamri, na ndani mna gigabaiti 32. Hupokea kila kitu kwa ukarimu, kisha huandika juu ya vilivyotangulia. Majina ya mafaili yapo, ndani hamna kitu. Kabla ya kuamini flashi yoyote mpya, ijaze kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, na uisome yote.

TV inaiona diski lakini filamu haichezi

TV za zamani husoma FAT32 na NTFS lakini si exFAT. Diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa Mac wenyewe haisomwi na TV karibu zote. Ikiwa folda zinaonekana na filamu hazifunguki, kosa si la diski bali ni la kilichomo ndani ya faili. `.mkv` na `.mp4` ni makasha tu. Ndani yake mna picha, sauti na maandishi, kila kimoja kwa namna yake.

Sauti ipo, picha nyeusi: picha imebanwa kwa namna mpya ya H.265, labda ya biti 10, na TV inajua ile ya zamani, H.264, peke yake. Igeuze kwa programu ya HandBrake, kipimo cha ubora RF kikiwa 20 hadi 22. Kwenye laptopu ya kawaida filamu moja huchukua saa kadhaa, kwa hiyo kama ni filamu 200, kisanduku cha TV kinachoelewa H.265 kitakupunguzia kazi na joto.

Picha ipo, hakuna sauti: sauti imebanwa kwa namna ya DTS, ambayo TV nyingi zimeachana nayo. Hapa usiguse picha. Badilisha sauti tu, dakika chache:

`ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k filamu-mpya.mkv`

Maandishi ya chini yakitokea na alama za ajabu mahali pa herufi, lifungue faili la `.srt` kwa Notepad ulihifadhi upya kwa UTF-8, kisha ulipe jina lilelile la filamu. Yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC bonyeza G au H. Lakini yakianza sawa na kuachana kadiri filamu inavyokwenda, mpaka dakika mbili na nusu baada ya saa moja, yametengenezwa kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde na yako ni ya 23.976, au kinyume chake. Kusogeza hakutasaidia, tafuta maandishi ya toleo lako, au ubadilishe mwendo wake kwa Subtitle Edit.

Inaganda-ganda ikipita kwa waifai

Cheza faili lilelile moja kwa moja kwenye kompyuta yenye diski. Likiganda na hapo, rudi juu, usome habari za diski. Lisipoganda, kosa liko njiani.

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na waifai ya 5 GHz hufa kwenye ukuta wa pili. Ile ya 2.4 GHz hupenya zaidi, lakini kwenye fleti za Tudor au Kizingo utaikuta imejaa rauta za majirani. Chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Dawa ya kweli ni waya. Hata hapo, angalia: kebo ya mtandao yenye jozi mbili za nyaya nzima kati ya nne hukupa megabiti 100 badala ya 1,000, na pini moja yenye ukoko wa kijani yatosha kukuangusha huko. Matundu ya waya ya TV nyingi nayo ni ya 100. Yanatosha kwa filamu yoyote ya Blu-ray ya kawaida, ambayo haizidi megabiti 48 kwa sekunde, lakini diski za 4K hufika hadi 128, na hizo zitaganda kwenye waya huo huku waifai nzuri ya 5 GHz ikizipitisha.

Ukitumia Jellyfin au Plex, programu za seva ya filamu, fungua ukurasa wa msimamizi wakati filamu inaganda. Ikiwa umeandikwa kuwa inageuzwa huku ikichezwa, kompyuta ndiyo inayozidiwa. Sababu ambayo watu hawaitarajii ni maandishi ya chini yaliyohifadhiwa kama picha, yale ya kutoka Blu-ray: kuyawasha tu hulazimisha seva ichore filamu nzima upya. Yazime, au utumie `.srt`.

Stima imerudi, seva haionekani

Mara nyingi iko hai, imehama nyumba. Rauta ikiwaka upya huweza kuigawia seva anwani nyingine, na TV inaendelea kubisha mlango wa zamani. Ingia kwenye rauta uifungie seva anwani moja ya kudumu. Ikiwa seva inawaka lakini filamu zote zimetoweka kwenye orodha, diski ya nje ilichelewa kuamka. Kwenye Linux iandike kwenye `/etc/fstab` kwa UUID yake (namba yake ya kipekee) pamoja na `nofail`, ili kompyuta iwake hata diski ikichelewa, na usiiruhusu programu kufuta vilivyokosekana mpaka uhakikishe diski imeshikwa. Na ikiwa sanduku la diski la mtandao (NAS) ni la zamani na ni kompyuta mpya ya Windows pekee isiyoliona, linazungumza SMB1, lugha ya kale ya kushirikisha mafaili, ambayo Windows 10 iliacha kuiweka tangu 2017. Sasisha sanduku, usiirudishe SMB1. Milango yake ya usalama ni mibovu.

UPS ndogo ya VA 650 hukupa dakika za kuzima kwa utaratibu, na ndicho kinachohitajika. Betri yake ya asidi imehesabiwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 za ziada hukata karibu nusu ya umri wake. Kwa joto la hapa usiisubiri mpaka ikuangushe: kila miezi mitatu chomoa waya wa ukutani uone inasimama dakika ngapi.

Kanda na DVD za zamani

Kanda yenye madoa meupe ya ukungu, yanayoonekana kupitia kidirisha chake, usiitie kwenye deki. Itaambukiza vichwa, na deki itaambukiza kanda nyingine zote. Ipeleke kwa anayesafisha. DVD ya kamera inayosomwa na kamera tu na kukataliwa kwingine haikufungwa baada ya kurekodiwa. Irudishe kwenye kamera ileile uifunge (menyu huita Finalize).

Pa kuweka, na nakala

Diski isiyotumika ikae ndani ya sanduku la plastiki lenye mpira wa kubana, pamoja na gramu 50 za silika jeli kwa kila lita 10. Nunua ile ya rangi ya chungwa: ikigeuka kijani imeshiba maji, ioke nyuzi 120 kwa saa mbili itarudi. Msimu wa masika iangalie kila wiki mbili. Sanduku lisiegemee ukuta wa nje wala wa bafuni. Diski ikitoka chumba chenye kiyoyozi, iache saa moja au mbili kabla ya kuichomeka. Flashi na SSD usizifanye kabati la miaka: bila umeme, kwenye joto, chaji inayoshika data hupungua.

Diski mbili zinazoakisiana ndani ya sanduku moja si nakala. Ukifuta harusi kwenye moja, imefutwa kwenye zote mbili sekunde hiyohiyo. Nakala ni diski ya pili iliyochomolewa, na ya tatu iliyo nyumba nyingine, kwa ndugu wa Likoni au Mtwapa. Mbadilishane kila Idi, wakati mtu anakwenda kuwaona wazee hata hivyo: peleka mpya, na kabla ya kuichukua ile ya zamani, ichomeke mpya kwenye TV ya huko, fungua video tatu kutoka folda tofauti, uruke hadi katikati ya kila moja na uone inacheza na sauti yake.